Lang'ata, kiti kinachokataa kukaliwa mara mbili

Swali la msomaji: "Nimeishi Nairobi West tangu 2009. Nilipohamia hapa niliambiwa Lang'ata ni ngome ya Baba na ODM, wala hakuna haja ya mjadala. Sasa Baba hayupo, ODM na UDA wanakula sahani moja, na pale kwa kinyozi wetu huwezi kupata wawili wanaokubaliana kiti kitaenda wapi 2027. Je, hii ni ngome kweli? Na kama si ngome, nani ana nafasi?"

Waliokuambia hivyo 2009 hawakukudanganya, ndugu yangu: Baba, yaani Raila Odinga, ndiye aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kwa tikiti ya chama chake cha ODM. Ila Lang'ata waliyokuwa wakiisema haiko tena. Ilikatwa vipande viwili mwaka 2012. Ngome ikaenda upande mmoja na kupewa jina la Kibra, wewe wa Nairobi West ukabaki upande wa pili na jina la zamani. Tangu siku hiyo eneo bunge lako halijamrudisha bungeni mbunge hata mmoja. Joash Olum wa ODM alikaa 2013 hadi 2017. Nixon Korir wa Jubilee, chama tawala cha wakati huo, akakaa 2017 hadi 2022. Kisha akaja Phelix Odiwuor, ambaye wengi wetu tulimzoea redioni na kwenye runinga kwa jina la Jalang'o, akakirudisha kiti ODM. Chaguzi tatu, wabunge watatu. Hakuna ngome ambayo lango lake hufunguka kila baada ya miaka mitano.

Nianze na hesabu ya 2022, maana hapo ndipo jibu lako limelala. Jalang'o alipata kura 38,948. Korir, aliyekuwa akitetea kiti kwa tikiti ya UDA, chama cha William Ruto, alipata 37,033. Tofauti ni kura 1,915. Lakini kura inayohama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule huhesabiwa mara mbili, kwa sababu inapungua huku na kuongezeka kule. Chukua watu 958 kutoka fungu la Jalang'o uwaweke kwenye fungu la Korir: wa kwanza anabaki na 37,990, wa pili anafika 37,991. Korir angerudi bungeni kwa kura moja. Na kwa vile kituo kimoja cha kura hakiruhusiwi kuwa na wapigakura zaidi ya 700 kwenye sajili, watu hao 958 hawajazi hata madarasa mawili.

Kama hujawahi kuwa wakala wa mwaniaji, nikueleze darasa hilo linavyokuwa usiku wa manane. Kura za rais zimehesabiwa kwanza, zimebishaniwa, zimeandikwa. Watu wamechoka. Ndipo karatasi za kijani, za mbunge, zinapomwagwa mezani. Afisa anainua moja moja, anataja jina, anawageuzia mawakala waone alama, anaiweka kwenye fungu lake. Mwaniaji aliyempa wakala wake nauli akasahau chakula cha jioni huanza kupoteza saa hiyo. Wakala wake amelalia dawati, karatasi yenye alama iliyogusa mstari inasukumwa kwenye fungu la zilizoharibika, na hakuna wa kuinua mkono. Kunapokucha Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo, imebandikwa mlangoni. Pale mshindi anapopita kwa kura 30,000, usingizi wa wakala haumdhuru mtu. Lang'ata ni mojawapo ya mahali unapodhuru.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kiti hiki kina historia ndefu kuliko jina la Raila.

Mwaka 1974 Mwangi Mathai aliomba kura Lang'ata akiwaahidi watu kazi, akashinda. Ahadi hiyo ilimkosesha usingizi mkewe kuliko yeye. Wangari Maathai akaanzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, ili wakazi waajiriwe kupanda miti na kutunza bustani, akaweka kitalu cha miche katika msitu wa Karura. Kampuni ilikufa, lakini wazo halikufa, na 1977 likazaa Green Belt Movement. Kwa hivyo ukiona mti wa harakati hiyo popote duniani, kumbuka mbegu moja yake ilikuwa ahadi ya kampeni hapa kwenu. Sijui ahadi nyingine ya kampeni Nairobi iliyozaa matunda kiasi hicho, na hata hiyo haikutimizwa na mgombea mwenyewe.

Mwaka 1979 kiti kilichukuliwa na Philip Leakey, mtoto wa Louis na Mary Leakey na ndugu yake Richard. Mzungu kuchaguliwa na eneo lenye mtaa wa mabanda wa Kibera ndani yake, miaka kumi na sita baada ya uhuru, si jambo la kupita hivi hivi. Linakuonyesha kuwa wapigakura wa hapa tangu zamani humpima mtu kwa namna yao, hata pale hesabu ya ukoo na rangi inapoelekeza kwingine. Leakey ndiye aliyekuwa na kiti Raila alipokuja kukichukua katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Desemba 1992.

Na hapa ndipo hadithi ya "ngome ya ODM" inapovuja. Raila alishinda 1992 kwa tikiti ya FORD-Kenya. Alipozozana na Kijana Wamalwa juu ya uongozi wa chama, alijiuzulu, akaingia NDP, na mapema 1997 akarudi kwa wapigakura wale wale katika uchaguzi mdogo. Wakamchagua tena, na tena Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2002 alikuwa chini ya mwavuli wa NARC, na 2007 alikuwa ODM. Vyama vinne, mbunge mmoja. Watu wa Lang'ata ya zamani walikuwa wakifuata mtu, chama kikifuata nyuma yake kama mkokoteni. Mwaka 2007 ndipo kiti kilipopata uzito wa nchi nzima, kwa kuwa Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Ukimwangusha Raila Lang'ata, umemfungia mlango wa Ikulu hata akiongoza kura zote za urais. Stanley Livondo wa PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, aliingia ulingoni kwa kishindo na pesa nyingi, akashindwa.

Kilichomkinga Raila miaka yote hiyo ni Kibera. Nasema hivyo bila kutia chumvi, ingawa wengine hupenda kuitia chumvi Kibera yenyewe. Kwa miaka tuliambiwa ina watu milioni moja, sensa ya 2009 ikahesabu takriban 170,000. Hata hao 170,000 walitosha. Katiba ya 2010 ilipoongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, Nairobi ilitoka na viti vinane ikafika 17, na mstari ukapita katikati ya Lang'ata. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra. Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise zikabaki Lang'ata.

Ukitaka kujua ngome ilihamia wapi, tazama Kibra tangu hapo: Ken Okoth 2013 na 2017, Imran Okoth baada ya kifo cha nduguye, Peter Orero 2022. Wote ODM. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019, Jubilee ilimleta mwanasoka McDonald Mariga, jina linalojulikana kila kona, na serikali nzima nyuma yake. Imran alipata 24,636, Mariga 11,230. Hiyo ndiyo ngome. Lang'ata haijawahi kupata matokeo ya namna hiyo tangu mpaka uchorwe.

Kilichobaki Lang'ata ni mchanganyiko mgumu kuutabiri. Karen ina majumba yenye ua mrefu kuliko shule: makao rasmi ya Naibu Rais yako huko, na nyumba ya Raila iko huko. Lakini kura ya mwenye ekari tano ni moja, sawa na ya mlinzi wake wa langoni na ya kijana anayemkatia nyasi ambaye jioni anarudi kulala kwenye mabanda ya Kuwinda. Nyayo Highrise inapakana na Kibera na inaisikia. South C ina Waislamu wengi, wafanyabiashara, na familia zilizokaa hapo vizazi viwili zikitazama nyumba za chini zikibomolewa ili ghorofa zipande. Mitaa ya Otiende, Onyonka na Ngei ni watumishi wa umma na wastaafu, watu wa kusoma gazeti lote, hata ukurasa wa matangazo ya zabuni. Nairobi West yako unaijua: usiku hailali, na wapangaji hubadilika kila mara bei ya nyumba inapopanda.

Hao wapangaji ni jambo kubwa kuliko vyama. Mtu anahamia hapa akiwa bado kwenye sajili ya kijijini kwao, miaka mitano inapita, siku ya kura anapanda basi kwenda ushago au anakaa nyumbani kutazama runinga. Nairobi 2022 ilipiga kura chini ya wastani wa taifa, uliokuwa takriban asilimia 65. Kwa hiyo kwenye kiti cha namna hii usiulize tu nani anapendwa. Uliza ni watu wa nani watakaoamka saa kumi na moja alfajiri. Kuna kejeli ndogo hapa ambayo hunichekesha: ukumbi wa Bomas, nchi nzima inapokodolea macho kungojea matokeo ya rais, uko ndani ya Lang'ata, na wakazi wengi wa ghorofa za jirani hawakupiga kura.

Jambo jingine ni kwamba Nairobi haipigi tena kura ya suti, juu mpaka chini rangi moja. Mwaka 2022 Raila aliongoza kaunti hii kwenye urais, ODM ikapata seneta, Edwin Sifuna, na mwakilishi wa wanawake, Esther Passaris. Lakini ugavana ulikwenda kwa Johnson Sakaja wa UDA, kwa kura 699,392 dhidi ya 573,516 za Polycarp Igathe. Maelfu kwa maelfu walimpa mkono mmoja Raila na mwingine Sakaja dakika ile ile, kwenye kibanda kile kile. Ukichanganya tabia hiyo na tofauti ya kura 1,915, utaona kwa nini napuuza yeyote anayesema "chama kitabeba".

Mnachobishania kwa kinyozi najua pia: basari, barabara, maji, mitaro. Mitaro na takataka ni kazi ya kaunti, mbunge hana fungu nazo, lakini mwananchi aliyekanyaga maji machafu hana muda wa kusoma Katiba kabla ya kukasirika. Kilicho chake hasa ni hazina ya NG-CDF, yaani madarasa na karo, na sauti yake kunapokuwa na shida. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, wakiwa na sare zao, walisukuma ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa michezo, na polisi wakawatupia vitoa machozi. Picha zile zilizunguka dunia. Sisemi ndizo zilizomtoa Olum miaka miwili baadaye, ila tangu siku ile swali la ardhi ya umma halijawahi kutoka midomoni mwa watu wa eneo hili, na kila mwaniaji hulazimika kulijibu.

Hapo ndipo jina la Korir linaporudi. Baada ya kushindwa 2022 aliteuliwa Katibu wa Idara ya Ardhi. Ni kiti kizuri cha kumfanya mtu asisahaulike mtaani kwao, na pia ni kiti cha hatari, maana kila hati iliyochelewa itaandikwa jina lake.

Jalang'o naye ana hadithi ambayo hata mwandishi wa vichekesho angeona imezidi. Februari 2023 alienda Ikulu kumwona Rais Ruto, wafuasi wa chama chake wakamwita msaliti. Septemba mwaka huo ODM ikatangaza kumfukuza pamoja na wenzake wanne, Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa likamwokoa. Machi 2025 chama chenyewe kikatia saini makubaliano na UDA. Kosa lililokaribia kumfukuzisha likawa msimamo rasmi. Leo anaweza kusimama jukwaani na kusema aliona mbali. Lakini mpigakura aliyemchagua 2022 ili aipinge Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, anaweza kusikia maneno hayo hayo kama dharau.

Sasa fungua mafungu mawili ya 2022 uone yalifungwa na nini. Kura 37,033 za UDA zilikuwa za watu wa Ruto wakiwa pamoja na watu wa Mlima Kenya waliokuja na Rigathi Gachagua, naibu wa Ruto. Gachagua aling'olewa madarakani Oktoba 2024 na sasa ana chama chake cha DCP. Kura 38,948 za Jalang'o zilikuwa za watu wa Raila wakiwa pamoja na watu wa Kalonzo Musyoka na wengine wa Azimio, muungano uliomsimamisha Raila. Kalonzo yuko upinzani, ODM iko serikalini, na Raila alituacha tarehe 15 Oktoba 2025. Kamba za mafungu yote mawili zimekatika. Huwezi kuchukua kuni za 2022 ukazipeleka 2027 kama mzigo ule ule.

Ndipo linapokuja suala la fungu la tatu. Hapa hakuna duru ya pili kama ya urais. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Kura za wawili wale zilikuwa jumla 75,981. Zikigawanywa kwa watatu wanaokaribiana, mtu mwenye 26,000 anakwenda bungeni. Wiper, chama cha Kalonzo, imeonyesha inaweza kushika kiti cha Nairobi: Embakasi Kusini ilichukuliwa na Julius Mawathe 2017, kwa tofauti ndogo ya kura, na hata Mahakama ya Juu ilipobatilisha ushindi huo akarudi na kushinda uchaguzi mdogo wa 2019. Ongeza vijana waliotoka barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha. Wakijiandikisha kwa wingi, na usajili endelevu ulifunguliwa tena Septemba 2025, hakuna chama cha zamani kinachoweza kudai kuwa ni wake.

Unataka jina, najua. Nitakupa uamuzi wangu badala ya jina. ODM na UDA wakileta kila mmoja mtu wake, na upinzani ukakubaliana juu ya mmoja, naona upinzani ukikichukua kiti. Upinzani ukileta wawili au watatu, jambo ambalo ndiyo desturi yake, mbunge aliyepo atapita katikati yao na atakuwa wa kwanza kukihifadhi kiti hiki tangu 2007. Na ODM na UDA wakiachiana, ugomvi utahamia kwenye mchujo, kwa kuwa Jalang'o na Korir hawawezi kuketi kiti kimoja. Atakayenyimwa tikiti na bado akautaka ubunge atalazimika kuwa mgombea huru, na Katiba inamtaka awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Maana yake ataamua kabla vumbi la mchujo halijatulia. Hapo makosa ya haraka huwa mengi, na kura 1,915 ni chache.

Mpaka usiutegemee kubadilika. Mwisho wa kuupitia kikatiba ulikuwa Machi 2024, wakati Tume ya Uchaguzi ilikuwa haina makamishna, kwa hivyo nakushauri upige hesabu yako kwa wadi hizi hizi tano.

Kama mnabishana tena Jumamosi hii, waambie wenzako waache kutazama mikutano na mabango, watazame kalenda. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na mtumishi wa umma anayetaka kiti lazima ajiuzulu miezi sita kabla. Mwanzoni mwa Februari, pitia taarifa za Idara ya Ardhi uone kama Katibu bado ni yule yule.